Choroko Ndani ya Jalada

Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kuwanyamazisha watu. Kila asubuhi hakimu alipoingia, karani alisimama kando ya meza yake, akasafisha koo, akasema kwa sauti nzito, "Kimya mahakamani!" na watu wote wakanyamaza: mawakili, washtakiwa, mashahidi, hata mama mwenye mtoto mchanga alijua kumpa ziwa upesi. Ndiyo sababu wakambatiza jina la Kimya. Askari wa zamu walimwita Kimya, mwenye kantini alimwita Kimya, na siku moja hakimu mwenyewe alijisahau akamwita hivyo mbele ya watu, halafu akajifanya hakusema kitu.

Alikuwa mtu wa miaka hamsini na mmoja, mrefu, mwenye suruali mbili za kijivu alizozivaa kwa zamu na tai moja aliyoilegeza kila ilipogonga saa tano. Aliilegeza kwa sababu ya tumbo. Asubuhi lilikuwa tambarare kama la kijana. Ikifika saa tano lilikuwa limejaa na kukaza kama mpira uliotoka kutiwa upepo. Choo alikipata kwa tabu, mara mbili kwa wiki akibahatika, na alitoka msalani akiwa na jasho usoni kama aliyeshusha mzigo kutoka kwenye lori.

Sababu hazikuwa siri, ila yeye hakuzitazama. Asubuhi alikunywa chai na mkate mweupe. Mchana alikula mkate tena, na soda. Jioni ndipo alipokula hasa, sahani ya kubebwa kwa mikono miwili. Maji hakunywa, maana karani hawezi kunyoosha mkono katikati ya ushahidi aombe ruhusa ya kwenda haja. Na kutoka saa mbili asubuhi mpaka saa tisa alikaa juu ya kiti cha mbao, vidole tu ndivyo vinavyotembea.

Siku iliyomfedhehesha ilikuwa siku ya hukumu ya wizi wa baiskeli. Chumba kilijaa. Hakimu, mwanamke mwenye miwani na sauti ya chini iliyowalazimu watu kutega masikio, alikuwa amefika mahali penyewe. "Baada ya kuupima ushahidi wote," alisoma, "mahakama hii imeridhika kwamba..." Akatulia kidogo kugeuza ukurasa. Katika utulivu huo tumbo la karani likaunguruma. Haukuwa mguno wa njaa ambao mtu anaweza kuufunika kwa kikohozi. Ulikuwa mrefu, ukapanda, ukashuka, ukageuka kona, kama mtu anayeburuta kabati juu ya sakafu ya saruji.

Hakimu aliinua macho. "Karani," akasema, "kama una pingamizi, liwasilishe kwa maandishi."

Watu walivunjika mbavu. Mshtakiwa naye, aliyekuwa akisubiri kujua kama atalala kwake au jela, alicheka mpaka askari akamgusa bega. Na yule ambaye kazi yake ilikuwa kusema "Kimya mahakamani!" alifungua mdomo aseme, sauti ikagoma.

Kesho yake alikwenda zahanati. Daktari alikuwa mama wa makamo mwenye kalamu tatu kwenye mfuko wa koti. Alimbinya tumbo, akamuuliza maswali ambayo karani aliyajibu akiangalia ukuta, akamfanyia vipimo, kisha akamwambia hana ugonjwa.

"Sina?" karani akauliza, karibu akasirike. Alikuwa amejiandaa kwa jina refu la ugonjwa.

"Huna. Utumbo wako umevunjika moyo tu. Unaulisha mkate mweupe, maji huupi, na huamki kwenye kiti. Unataka ufanye kazi na nini?" Akaeleza kwamba ndani ya utumbo kuna vijidudu vyema vinavyoishi kwa nyuzinyuzi za mboga na nafaka, na kwamba karani amevikalisha na njaa. "Jamii ya kunde ni nzuri, lakini wewe ukila maharage unajaa gesi, si ndiyo? Basi anza na choroko zilizoota. Zikishaota, watu wengi huziona ni nyepesi tumboni. Loweka usiku mmoja, mwaga maji, halafu suuza asubuhi na jioni mpaka zitoe mikia. Zipitishe kwenye mvuke kidogo, usile mbichi. Vijiko viwili kwa siku, uongeze polepole. Maharage mekundu usiyaguse mabichi hata yakiota, yatakulaza hospitali. Kunywa maji. Na tembea."

Aliyaandika yote kwenye karatasi. Karani aliikunja, akaitia mfuko wa shati, na shati likafuliwa jioni hiyohiyo. Kilichobaki kichwani mwake ni maneno mawili: choroko zilizoota. Maji na kutembea viliingia sikio hili vikatokea lile, maana hakuviona kuwa dawa.

Akanunua kilo mbili za choroko, zile mbegu ndogo za kijani ambazo mkewe alizipika mara mojamoja. Ijumaa jioni alizimwaga zote kwenye ndoo, akajaza maji, akafunika kwa mfuniko unaobana, akaisukuma chini ya sinki la jikoni. Aliamini mbegu hupenda giza na utulivu. Akaziachia vyote viwili mpaka Jumatatu.

"Baba Mapacha," mkewe alisema Jumatatu asubuhi, amejifunga kitambaa puani, "kuna panya amekufa humu ndani."

Mkewe alikuwa muuzaji kwenye duka la vifaa vya ujenzi, mwanamke aliyezoea kusogeza magunia ya saruji, na alilisogeza jiko, akalisogeza na kabati la vyombo, akimtafuta panya. Aliyeifungua ndoo alikuwa karani mwenyewe. Povu la kijivu lilikuwa limeinuka mpaka kwenye mfuniko, na harufu iliyotoka iliwatimua wote wawili mpaka uani.

"Hizi ni nini?"

"Dawa yangu ya tumbo."

Mkewe alimtazama, akaitazama ndoo. "Baba Mapacha, kama dawa yenyewe inanuka hivi, acha ugonjwa uendelee."

Karani alichimba shimo nyuma ya nyumba akazifukia. Alichelewa kazini nusu saa, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa, na alipoulizwa sababu alisema alikuwa na mazishi.

Alirudi zahanati kuomba maelekezo upya. Daktari alimwandikia tena, safari hii kwa herufi kubwa kama anamwandikia mtoto. Karani aliyanakili kwenye daftari. Akatafuta chupa ya jamu ya mdomo mpana, akapima nusu kikombe, akaloweka, akamwaga maji, akafunika mdomo kwa kipande cha kitambaa chepesi na mpira, akaiinamisha juu ya kisahani dirishani mwa jikoni. Asubuhi akasuuza. Jioni akasuuza. Siku ya pili ngozi za choroko zilipasuka. Siku ya tatu zikatoa vimkia vyeupe, vifupi kama makucha ya paka, na karani alisimama na tai mkononi akizitazama kwa furaha ambayo hakuwahi kuionyesha kwa mtu yeyote isipokuwa mapacha wake walipozaliwa. Jioni hiyo angekula.

Hapa lazima nimtaje mama mkwe. Mama yake mkewe alikuwa anaishi nao tangu mapacha waende shule ya bweni. Alikuwa mama safi, mwepesi, asiyependa kukaa bure, na nyumba nzima ilikuwa chini ya mkono wake kuanzia wenye nyumba wanapotoka kwenda kazini. Karani alimheshimu mno. Hakuwahi kuvua shati mbele yake wala kunyoosha miguu kwenye kochi. Mbele yake alizungumza habari za mvua, habari za wajukuu, na afya ya watu wengine.

Aliporudi jioni, chupa ilikuwa imeoshwa ikang'aa, imepinduliwa kwenye chanja ya vyombo.

"Baba," mama mkwe alisema akipangusa meza, "nimekutupia zile choroko za dirishani. Zilishaharibika, zimeota mikia. Sijui nani alizisahau kwenye maji. Msipokuwa na macho humu mtakula sumu siku moja."

Damu ilimchemka karani kutoka kwenye visigino. Aliutazama uso wa mama mkwe, uso wa mtu aliyefanya jambo jema na anangoja neno moja tu.

"Asante, mama," akasema.

Aliingia bafuni, akafunga mlango, akachukua taulo akaliuma.

"Si umwambie tu?" mkewe alimwambia chumbani, kwa sauti ya chini.

"Nimwambie nini? Nimwambie mama yako kwamba siendi choo?"

"Basi nitamwambia mimi."

"Usithubutu! Nitamtazama vipi mezani?"

"Kama unavyomtazama sasa. Mama amezaa watoto saba, unadhani hajui watu wana utumbo?"

"Mke wangu, nakuomba. Usithubutu."

Akaanza upya. Safari hii aliificha chupa juu ya kabati la nguo, nyuma ya masanduku. Siku ya tatu mama mkwe aliamua kufuta vumbi juu ya kabati la nguo. Hakuna mtu aliyemwomba. "Tena juu kule, baba! Nimezitupa. Yaani panya wa nyumba hii wamejifunza kubeba chupa." Na karani, meno yameumana, akasema tena, "Asante, mama."

Kufikia hapo tumbo lilikuwa baya kuliko mwanzo, na hasira nayo ilikuwa imelala humohumo. Kazini alikuwa mkali. Alimfokea mwenye kantini kwa chai ya baridi. Alimrudishia wakili mmoja hati kwa kukosa nukta. Kila hakimu alipotulia kugeuza ukurasa, karani alikaza misuli yote ya kiunoni, akajikaza kisabuni, akaomba ukurasa ugeuke haraka.

Ndipo alipoamua kuzihamishia choroko kazini.

Masjala ya mahakama ni chumba kirefu kisicho na dirisha, chenye makabati ya chuma, na funguo zake alikuwa nazo yeye peke yake. Hakuna mama mkwe duniani ambaye angeweza kupanguza vumbi mle ndani. Jumatano akailaza chupa yake kwenye rafu ya tatu, nyuma ya majalada, mdomo chini kidogo, juu ya kisahani cha chai. Alhamisi asubuhi akasuuza bombani, jioni akasuuza. Ijumaa vimkia vilikuwa vimetoka vizuri. Angeweza kuzila Ijumaa hiyo. Lakini alitaka zikue kidogo, azifurahie, na Jumatatu ilikuwa sikukuu. Akazisuuza kwa maji mengi zaidi ili zisikauke, akazirudisha haraka bila kuzichuja sawasawa, maana mlinzi alikuwa anagonga mlango akitaka kufunga jengo. Akaenda nyumbani.

Jumanne lililoitwa kwanza lilikuwa shauri la ukuta. Majirani wawili, mmoja muuza viatu na mwingine fundi magari, walikuwa wanagombania ukuta uliosimama kati ya nyumba zao, ni wa nani na umeingia kwa nani. Kwa miaka mitatu walikuwa hawasalimiani. Hata kwenye benchi la mahakama walikaa ncha na ncha, na aliyeinuka kwanza aliinuka ghafla, benchi likainama, nusura mwenzake aanguke.

"Karani, jalada," hakimu alisema.

Karani alikwenda masjala, akavuta jalada la ukuta kutoka rafu ya tatu, akalihisi zito. Chupa ilikuwa imebiringika. Kisahani kilikuwa chini, kimepasuka vipande viwili. Jalada lilikuwa limelowa nusu nzima ya chini, limevimba kama mkate uliodondokea kwenye chai, wino umetawanyika. Alilifungua. Katikati ya ushahidi wa muuza viatu kulikuwa na choroko. Zilikuwa zimejipenyeza baina ya kurasa, mizizi imeshika karatasi, na moja, katika ukurasa wa ishirini na nane, ilikuwa imetoa majani mawili.

Alisimama mle ndani muda mrefu kiasi kwamba askari alitumwa kumtafuta. Hapakuwa na namna. Alilibeba jalada kwa mikono miwili akaliweka mbele ya hakimu, likaacha alama ya maji juu ya meza.

Hakimu alifungua. Akafunga. Akafungua tena.

Muuza viatu alikuwa amesogea kuona. "Mheshimiwa!" akasema. "Miaka mitatu tunasubiri haki, kumbe maneno yetu yanapandwa bustani!"

Fundi magari akainuka upande wa pili. "Naunga mkono maneno ya jirani yangu, Mheshimiwa. Hii ni dharau."

Chumba kizima kilishikwa na butwaa. Hakimu alivua miwani, akawatazama wale wawili. "Iandikwe," alisema taratibu, "kwamba leo, kwa mara ya kwanza, pande zote mbili zimekubaliana." Akaahirisha shauri kwa wiki nne, akamwita karani ofisini.

"Nini hiki?"

"Choroko, Mheshimiwa."

"Naona ni choroko. Nauliza zinafanya nini ndani ya jalada la mahakama."

Kwa miaka kumi na tisa karani alikuwa ameandika maneno ya wezi, ya wajane, ya madalali, ya mashahidi waongo, na kila mmoja wao alipata la kusema mbele ya meza ile. "Ni za tumbo," akasema.

Karani aliona kona ya mdomo wa hakimu ikicheza, na hilo lilimuuma kuliko kama angefokewa. "Maandishi yangu ya mkono ninayo, hayajalowa," hakimu alisema. "Jalada lichapwe upya lote, na usilifanye saa za kazi. Na uniletee barua ya kujieleza."

Kurasa sitini na tatu. Na barua. Barua ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Aliianza mara nne siku hiyo. "Kwa heshima na taadhima, naomba kueleza kwamba tumbo langu..." Akachana. "Kufuatia ushauri wa daktari kuhusu utumbo..." Akachana. Mwisho aliandika mistari mitatu mikavu inayosema aliweka chakula mahali pasipostahili, anajuta, hatarudia. Akasaini. Aliona kama amekiri kosa la mtu mwingine.

Nyumbani mama mkwe alikuwa ameshapakua chakula. Walikaa watatu mezani, kama kila siku. Karani alishika kijiko, akakiacha.

"Mbona huli, baba?" mama mkwe akauliza. "Chumvi imezidi?"

"Hapana, mama."

"Basi kula. Unakonda uso."

Sijui ni neno gani hasa lililomfungua. Labda ni lile la kukonda. "Mama," alisema, "tumbo langu halifanyi kazi."

Kijiko cha mkewe kilisimama hewani.

Basi yakatoka yote, bila mpangilio, kama mtu anayemwaga droo. Choo mara mbili kwa wiki. Gesi. Hukumu ya baiskeli. Daktari mwenye kalamu tatu. Ndoo, chupa ya dirishani, chupa ya kabatini, masjala, muuza viatu, choroko yenye majani mawili, kurasa sitini na tatu. Alisema akiangalia chumvi. Alipomaliza alikuwa anahema.

Mama mkwe hakucheka. Uso wake ulikuwa umebadilika, lakini si kwa namna aliyoiogopa.

"Kwa hiyo zile choroko zilikuwa dawa yako."

"Ndiyo, mama."

"Nikazitupa."

"Ndiyo, mama."

"Na wewe ukanishukuru."

"Ndiyo, mama."

"Mara mbili!" Akapiga meza kwa kiganja, bilauri zikaruka. "Mtu mzima, baba wa watoto wawili, ananishukuru kwa kumtupia dawa yake! Mimi ningejuaje? Nisome kwenye kipaji cha uso wako? Naishi humu au nimepanga chumba?" Akamgeukia binti yake. "Na wewe ulijua?"

"Alinikataza, mama."

"Mmenifanya mjinga ndani ya nyumba niliyomo. Nimekutia hasara mbele ya hakimu na sijui. Siku zote hizi nazunguka na kitambaa nikijiona nimefanya la maana." Alikuwa amekasirika kwelikweli, machozi ya hasira yamemlenga. Karani aliomba radhi. Mkewe naye akaomba radhi. Mama mkwe aliondoa vyombo kabla watu hawajamaliza kula, na hakuna aliyethubutu kumwambia bado wana njaa.

Asubuhi karani alikuta chupa dirishani, choroko ndani, kitambaa kimefungwa kwa mpira, imeinamishwa juu ya bakuli pana lisiloweza kupinduka. Mama mkwe alikuwa anasoma daftari la karani lenye maelekezo ya daktari, kidole kikifuata mistari.

Mtu angedhani mambo yalinyooka hapo. Hayakunyooka. Mama mkwe alijua kuotesha kuliko daktari mwenyewe, maana alikuwa nyumbani mchana kutwa na hakusahau kusuuza hata mara moja. Lakini hakuamini kitu kinachoitwa mvuke kidogo. Choroko zilizotoka dirishani zikiwa nyeupe na ngumu kidogo, zenye kulia zikitafunwa, alizichemsha saa nzima na kitunguu na mafuta mpaka zikawa uji wa kijani. Tena hakupima vijiko viwili. "Dawa gani ya vijiko viwili? Unalisha kifaranga?" Alimjazia bakuli, akakaa mbele yake mpaka aone chini ya bakuli.

Karani alikula siku nne mfululizo. Siku ya tano alikuwa mahakamani amejaa gesi kuliko alivyowahi kujaa maishani, amekaa upande upande kwenye kiti, akiandika ushahidi wa daktari wa mifugo huku jasho likimtiririka mgongoni. Aliporudi alisimama mlangoni mwa jikoni. Alikuwa amechoka, na kuchoka kulimpa ujasiri.

"Mama, ni nyingi mno. Na zinaiva mno."

"Mno?"

"Daktari alisema vijiko viwili. Na dakika chache tu."

"Kwa hiyo siku nne hizi hukuzipenda."

"Hapana, mama. Sikuzipenda."

Mama mkwe aliweka mwiko chini. Karani alingoja radi. "Sasa ungesema siku ya kwanza," akajibu, akiwa bado na kinyongo sautini, "ningeokoa gesi." Akawasha jiko, akaweka chujio juu ya sufuria, akatia choroko, akafunika. "Hesabu wewe hizo dakika. Mimi sitaki lawama."

Zilipotoka, karani alionja. Zilikuwa na ladha ya majani mabichi na njugu, na zililia kwenye meno. Hakuzisifu. Mama mkwe naye alichukua moja, akaitafuna kwa meno ya mbele, akasema mbuzi angeshukuru.

Jumamosi tatu karani alikwenda ofisini mchana kuchapa jalada upya. Masjala ilikuwa na joto, kantini imefungwa, kwa hiyo alibeba chupa ya maji na kwa kuwa hapakuwa na hakimu wa kumtazama, aliinuka na kwenda haja kila alipotaka. Magari ya kurudi Jumamosi mchana yalikuwa machache, akarudi kwa miguu, mwendo wa dakika arobaini, akilaani kila hatua, akimlaani fundi magari, akiulaani ukuta. Katika Jumamosi ya tatu, karibu na kituo cha mafuta, alisimama ghafla. Alihisi haja, ya kawaida, isiyo na vita. Aliharakisha mpaka nyumbani akapita sebuleni bila kusalimia.

Alimwuliza daktari ni kipi kilichosaidia hasa, choroko, au maji, au kutembea.

"Vyote," daktari akasema.

"Lakini kipi zaidi?"

"Siwezi kujua. Endelea navyo vyote."

Jibu hilo lilimkera. Alikuwa amezoea mahali ambapo mtu husomewa uamuzi na sababu zake, moja, mbili, tatu. Barua yake ya kujieleza imejibiwa kwa onyo la maandishi, amechapa kurasa sitini na tatu, amegombana na mkwe wake, na hajui hata ni kitu gani kimemponya. Na hakupona moja kwa moja: wiki ambazo mashauri yalikuwa mengi tumbo lilijaa tena, na ilimbidi aanze upya na vijiko viwili, kama mtoto aliyerudishwa darasa. Onyo lenyewe liko kwenye faili lake mpaka leo, na kila anapoomba cheo hulikuta mbele yake.

Mwisho wa mwaka mama mkwe alihamia kwa binti yake mwingine aliyejifungua. Karani alibaki na chupa yake, akaisuuza mwenyewe asubuhi na jioni, mara nyingine kwa kununa. Lakini kila siku saa kumi na moja, anapokuwa kwenye foleni ya duka la mkate, simu yake huita. Simu ni ya zamani, spika yake imeharibika kwa namna moja tu: haijui kunong'ona.

"Baba! Leo umekwenda choo?"

Watu wa mbele hugeuka, na wa nyuma hunyoosha shingo. Mwanzoni alikuwa akikata simu, lakini mama mkwe hupiga tena, kwa sauti ya juu zaidi, akidhani hakusikika. Siku hizi karani huitazama dari ya duka, huvuta pumzi, na kujibu wazi mbele ya foleni nzima:

"Nimekwenda, mama."

"Vizuri?"

"Vizuri kiasi."

"Choroko zimebaki?"

"Zimebaki za siku mbili."

"Haya. Nunua mkate wa ngano isiyokobolewa, si ule mweupe. Nakusikia uko dukani."

Naye huurudisha ule mweupe kwenye rafu, amekunja uso, na kuchukua mwingine.